Inasoma CD Zetu?

Mjomba aliuliza swali moja tu. Alikuwa amesimama nje ya kibanda chake cha gemu pale Chikongola, Mtwara mjini, simu sikioni, kidole amekiziba kwenye sikio la pili kwa sababu ya kelele za watoto waliokuwa ndani. Upande wa pili wa simu alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyemuuzia mashine zake zote. Ilikuwa mwanzoni mwa 2008, msimu wa korosho umekwisha lakini hela yake ilikuwa bado inapumua mifukoni mwa watu. Yule bwana alikuwa anamsifia PS3, yaani PlayStation 3, mashine mpya ya gemu ya Sony: picha kali, nguvu ya ajabu, gemu mpya zote zinahamia huko. Mjomba akamwacha amalize, kisha akauliza: "Inasoma CD zetu?"

Jibu sikulisikia. Niliona tu mjomba akitikisa kichwa polepole, akasema haya nimekuelewa, wasalimie nyumbani, akarudi ndani kuwaamulia watoto waliokuwa wanagombea pedi ya kuchezea.

Ubishi wa kama PS3 ilifeli au haikufeli haujaisha mpaka leo, hata vijana wakiwa wamekaa mbele ya PS5. Wanaosema haikufeli wana namba mkononi: ziliuzwa zaidi ya milioni 87. Wanaosema ilifeli nao wana namba: kaka yake, PS2, aliuza zaidi ya milioni 155, na miaka ya karibuni mkuu wa upande wa gemu wa Sony akataja milioni 160. Mimi nimekulia kwenye benchi la kibanda, na nadhani wote wawili wanapima kitu kisicho chenyewe. Wanailinganisha PS3 na PS2 kana kwamba mmoja alimaliza kukimbia ndipo mwingine akaanza. Haikuwa hivyo. PS3 ilikuta kaka yake bado yuko uwanjani, ana pumzi, na bei yake inashuka kila mwaka.

Mwaka wa hesabu wa Sony huanza Aprili. Kuanzia Aprili 2007 hadi Machi 2008, mwaka wa kwanza kamili wa PS3 sokoni, iliuza milioni 9.24. PS2, iliyotoka Japani Machi 2000, iliuza milioni 13.73 ndani ya miezi hiyo hiyo. Kama ingekuwa mtoto, PS2 ingekuwa imeanza darasa la kwanza mwaka ule, na bado ilimpita mdogo wake kwa zaidi ya milioni nne. Mwaka uliofuata PS3 ikaongoza, milioni 10.06 kwa milioni 7.91. Lakini yenyewe ilikuwa imepanda kidogo sana. Kilichobadilika ni kwamba kaka alianza kuchoka.

Kwa hiyo, tukitaka kujua kwa nini mauzo ya PS3 yalianza kwa kusuasua, tusianze na washindani wake, Xbox 360 ya Microsoft na Wii ya Nintendo. Tuanze na watu waliokuwa na PS2 nyumbani, na sisi wa vibandani, tuliotazama mashine mpya tukaona hakuna sababu ya kuhama.

Kibanda cha mjomba kilikuwa na TV tatu, zote za chogo, mabenchi ya mbao za mwembe, na pazia la khanga mlangoni ili mwanga usipige kwenye kioo. Mechi ilikuwa shilingi 200, anayefungwa anapisha. Gemu yenyewe ilikuwa Winning, ile ya mpira wa miguu. Hata jina la kwenye boksi lilipokuwa Pro Evolution Soccer, kwetu iliendelea kuwa Winning, na nadhani kuna watu wazima Mtwara hii ambao hawajawahi kuiita jina lingine. GTA ililipiwa kwa muda. Ugomvi haukukosekana, na mjomba alikuwa na sheria moja aliyoisimamia: anayepiga pedi chini halipi faini, anafungiwa wiki nzima.

Kila kitu aliandika kwenye kaunta buku. Mechi ngapi, LUKU ya shilingi ngapi, pedi ipi imekwenda kwa fundi. Kwa hiyo nikisema hesabu, nasema hesabu aliyonifundisha yeye. PS3 ilipoanza kuuzwa Marekani Novemba 2006, ile yenye diski ya GB 60 ilikuwa dola 599. Dola wakati ule ilikuwa shilingi 1,250 au juu yake kidogo. Hiyo ni karibu laki saba na nusu, kabla ya meli, ushuru na faida ya Kariakoo. Kwa mechi za shilingi 200 unahitaji mechi 3,750 ili urudishe hela ya mashine peke yake, bila umeme, bila pango. PS2 mpya mwaka huo huo ilikuwa dola 129 huko Marekani, kama laki moja na elfu sitini, yaani mechi 800. Ukichukua mechi tano kwa saa, moja inajilipa ndani ya saa 160 na nyingine ndani ya saa 750. Mjomba alikuwa na elimu ya darasa la saba, na hesabu hiyo aliifanya akiwa amesimama.

Ken Kutaragi, mhandisi anayeitwa baba wa PlayStation, alisema mwaka 2005 kwamba wanataka mtu aione PS3 ajiambie: nitafanya kazi saa nyingi zaidi ili niipate. Niliisoma kauli hiyo nikiwa mtu mzima na iliniuma, kwa sababu niliwafahamu wateja wetu. Mkorosho hauna saa za ziada. Unazaa mara moja kwa mwaka. Unaokota kuanzia Oktoba, unapeleka ghala la chama, unasubiri mnada, na malipo yanakuja yanapokuja. Mtoto wa Tandahimba au Nanyamba aliyetaka hela ya gemu kabla ya mnada alikuwa na njia moja, kangomba: anauza bakuli moja moja kwa mlanguzi, kwa bei ya kumpunja, na akikamatwa ni kosa. Nimeona watoto wakija kibandani na vidole vyeusi kwa utomvu wa mabibo. Hata wafanye kazi kiasi gani, dola 599 haikuwa inawatazama wao.

Lakini bei peke yake haielezi kila kitu. Narudi kwenye swali la mjomba.

PS2 ilipotoka, ilifanya jambo ambalo naamini ndilo lililoibeba kuliko picha zake. Ilisoma CD za PS1. Pedi za PS1 ziliingia kwenye tundu lile lile, na memori kadi ya zamani iliendelea kufanya kazi kwa gemu za zamani. Mjomba alianza na PS1 moja, akaongeza PS2 ya kwanza 2004, na siku ile ile aliyoichomeka boksi lake zima la CD likawa na kazi. Hakuanza upya. Aliongeza. Mteja aliyezoea gemu ya zamani aliipata, aliyetaka mpya aliipata, na mjomba hakulala hata siku moja akiwaza kwamba mtaji wake umegeuka takataka.

PS3 nayo ilianza na nia hiyo hiyo. Matoleo ya kwanza ya Japani na Marekani yalikuwa na chipu za PS2 zenyewe ndani yake, kama mtu aliyemjengea kaka yake chumba kwenye nyumba mpya. Ilipofika Ulaya Machi 2007, sehemu ya chipu hizo ilikuwa imeondolewa na kazi yake kuachiwa programu. Mwishoni mwa 2007 likatoka toleo la GB 40, la bei nafuu zaidi, ambalo halikusoma CD za PS2 hata kidogo. Jambo linalonishangaza mpaka leo ni kwamba CD za PS1 PS3 iliendelea kuzisoma mpaka mwisho wa maisha yake. Ilimtambua babu, ikamkana baba.

Nitasema na ukweli mwingine, kwa sababu bila huo picha haikamiliki. CD zetu nyingi zilikuwa za kuchoma, yaani nakala zisizo halisi. PS2 zetu zote zilikuwa zimewekwa na fundi chipu ya kuzifanya zizikubali, na CD ilipatikana kwa elfu mbili au chini yake. Siwezi kusema ilikuwa haki kwa waliozitengeneza zile gemu. Nasema tu kwamba biashara ya kibanda ilisimama juu ya hilo, Mtwara na Lindi na kila mji ninaoufahamu. PS3 ilikataa diski za kuchoma, na ikakataa kwa karibu miaka minne. Gemu halisi ilikuwa dola 60, zaidi ya elfu sabini. Kwa hiyo yule bwana wa Kariakoo alipojibu swali la mjomba, jibu lilikuwa hapana mara mbili: hapana kwa CD zako halisi, na hapana kwa hizo nyingine.

Kuna na kazi ya usiku. Saa mbili pedi zilikusanywa, mabenchi yakageuzwa yote yakatazama TV kubwa, na PS2 ikawa deki ya DVD. Filamu za Kihindi, za Kinigeria, baadaye za kwetu, na zile diski za Kichina zenye filamu kumi na kitu ndani ya moja. Akina mama wa jirani waliingia. Shilingi 100 kichwa. Huko Japani PS2 ilitoka kwa yeni 39,800 wakati deki za DVD bado zilikuwa ghali, na wengi waliinunua kwa ajili hiyo. Sisi tulichelewa miaka kadhaa, lakini tuliipenda kwa sababu ile ile.

PS3 ilikuja na Blu-ray, diski ya filamu iliyokuja baada ya DVD, ikitarajia historia ijirudie. Kwa wenzetu wa Marekani, Ulaya na Japani ilijirudia kwa kiasi: PS3 ilikuwa njia nafuu ya kuangalia Blu-ray, na Februari 2008 Toshiba ikaacha kabisa diski yake ya HD DVD iliyokuwa inashindana nayo. Ushindi mkubwa. Lakini Chikongola sijawahi kuona diski ya filamu ya Blu-ray, si wakati ule wala baadaye. Kazi ya pili ya PS2 ilikuwa na wateja mlangoni. Kazi ya pili ya PS3 ilidai kwanza ununue TV mpya, kisha diski ambazo hazikuuzwa mtaani. Kwenye TV ya chogo PS3 ilionyesha picha, waya wake ulikuwemo kwenye boksi, ila maandishi ya gemu nyingi yalikuwa madogo kiasi kwamba unasogea mpaka pua inagusa kioo.

Halafu Winning yenyewe. Pro Evolution Soccer 2008 kwenye PS3 ilitoka ikikwamakwama. Mchezaji anakimbia pembeni, picha inazubaa, mpira ulishatoka. Majarida ya Ulaya yaliandika hivyo waziwazi, na wengine wakawashauri wasomaji wanunue ya mashine nyingine. Ya PS2 mwaka ule ule ilikwenda laini kama kawaida. Fikiria unamwambia mtu mwenye kibanda cha mpira alipe mechi 3,750 ili apate Winning inayokwama. Sababu mojawapo, nadhani, ilikuwa moyo wa PS3, prosesa iliyoitwa Cell, ambayo Sony iliitengeneza pamoja na IBM na Toshiba. Ilikuwa na nguvu sana kwa anayeijua, na ngumu sana kwa asiyeijua, na mwanzoni walioijua walikuwa wachache. Wakati huo huo, Machi 2007, Sony yenyewe ikaitoa gemu yake kubwa ya God of War II kwa PS2, miezi minne baada ya PS3 kuanza kuuzwa. Gemu ile ingeweza kuwa sababu ya kuhama. Ikawa sababu ya kubaki.

Upande wa Sony hali ilikuwa mbaya kuliko tulivyojua. Kampuni ya utafiti ya iSuppli ilifungua PS3 na kukadiria kwamba ile ya dola 599 iligharimu takriban dola 840 kuitengeneza. Kila moja iliyouzwa iliondoka na hasara. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2007, idara ya gemu ya Sony ilipata hasara ya yeni bilioni 232.3. Ndiyo maana chipu za PS2 ziliondolewa, kupunguza gharama. Naelewa. Mtu anayezama hutupa mizigo. Lakini mzigo uliotupwa ulikuwa ndio daraja, na waliokuwa wamesimama upande wa pili tulikuwa zaidi ya milioni mia moja, kwa sababu PS2 ilivuka idadi hiyo tangu mwishoni mwa 2005.

Kisha ikaja Septemba 2009. PS3 nyembamba, dola 299. Nimeitafakari bei hiyo mara nyingi, kwa sababu ndiyo bei aliyozaliwa nayo PS2 Marekani, Oktoba 2000. PS3 ilichukua karibu miaka mitatu kushuka mpaka mahali kaka yake alipoanzia. Na ilipofika hapo tu, mauzo yakapanda: milioni 13 kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2010. Kwa maoni yangu PS3 ilizaliwa Septemba 2009. Ile miaka ya nyuma ilikuwa mimba ndefu yenye maumivu. Ukiihesabu kuanzia hapo, ni mashine iliyofanya vizuri tu, nzuri hata, ikakomaa na gemu ambazo watu watazikumbuka. Lakini mwaka huo huo wa 2009, mwezi Aprili, PS2 ikashushwa mpaka dola 99, na Novemba Sony ikaizindua rasmi Brazili. Mdogo anafika kwenye bei ya kaka, anakuta kaka ameshuka tena ngazi mbili na anauza kwa watu wapya.

Rafiki yangu mmoja wa Shangani, anayefuatilia mambo haya kuliko mimi, aliposikia maelezo yangu yote alinijibu kwa maneno mawili: Wii U. Nikanyamaza. Ana haki. Wii ya Nintendo iliuza milioni 101.63. Mrithi wake, Wii U, aliyetoka Novemba 2012, alifanya kila nilichosema PS3 ilipaswa kufanya. Alisoma diski za Wii zote. Alitumia rimoti za Wii zile zile. Bei haikuwa ya kutisha, dola 299 na 349. Mlango wazi, kaka amekaribisha, na akauza milioni 13.56 tu, chini hata ya GameCube, mashine ya Nintendo ya kabla ya Wii, iliyouza milioni 21.74. Januari 2014 walishusha makisio yao ya mwaka kutoka milioni 9 hadi milioni 2.8. Akaongeza na PS4: haisomi diski za PS3 kabisa, na imeuza zaidi ya milioni 117. Basi swali la mjomba lina maana gani?

Nililala nalo siku kadhaa. Kuhusu Wii U, naona tatizo lilikuwa kwamba watu hawakujua kwamba kuna mtu mpya amezaliwa. Jina lilifanana na la kaka, na tangazo lilionyesha pedi yenye kioo, kwa hiyo wengi walidhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyonayo. Wale waliokuwa wamenunua Wii ili bibi na wajukuu wacheze tenisi sebuleni hawakuwa watu wa kufuatilia habari za mashine. Walikuwa wametosheka. Mlango uliokuwa wazi ulielekea chumba ambacho hawakukihitaji. PS4 nayo ilifunga mlango, kweli, lakini ilianza kwa dola 399, mia mbili chini ya ile PS3 ya GB 60 ilipoanza, na ndani ilifanana na kompyuta ya kawaida, hivyo watengeneza gemu hawakuhangaika. Tena aliyekuwa anaiacha PS3 alikuwa anaacha mashine ambayo imekwisha safari yake, si ile iliyokuwa bado inauza milioni 13 kwa mwaka.

Kwa hiyo swali la mjomba nimelisogeza kidogo. Mashine inaweza kuwa ghali ikapona, kama inakuruhusu uje na mizigo yako. Inaweza kukuambia uache mizigo ikapona, kama bei inakuwezesha kuanza upya. PS3, kuanzia mwishoni mwa 2007 mpaka 2009, ilikuwa ghali na imefunga mlango kwa wakati mmoja, mbele ya kaka aliye nafuu na aliye wazi. Rafiki yangu amekubali nusu. Nusu nyingine bado tunabishana.

Mjomba alinunua PS3 mwisho wa mwisho, 2012. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Kwanza, kati ya Agosti 2010 na mwanzoni mwa 2011 mafundi walipata njia ya kuichakachua, gemu zikawa zinakaa kwenye diski ya ndani ya mashine bila CD kabisa. Pili, mji wote ulikuwa unaongea gesi asilia. Mtwara kuchele, tuliambiana, kumekucha. Bomba la kwenda Dar lilikuwa linaanza kujengwa, pango za nyumba zinapanda, wageni wanajaa hotelini, na kila mwenye biashara alikuwa anajipanga kumpokea mteja mwenye hela ambaye hajafika bado. Mjomba akajipanga. Alitafuta PS3 nyembamba iliyotumika, akaifuata mwenyewe Dar, na alirudi nayo mapajani. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado vumbi na matope, basi linayumba, na alinieleza kwamba njia nzima hakuiweka chini hata mara moja.

Aliweka mechi ya PS3 shilingi 500, akaiacha ya PS2 pale pale 200. Walioijia walikuwa wanachuo, vijana wenye ajira za mradi, na walimu wachache. Watoto wa mtaa walisimama nyuma yao wakaangalia kwa bidii sana, wakishangaa nyasi za uwanja na jasho la wachezaji, kisha wakageuka wakaenda kucheza PS2. Kaunta buku ilionyesha jambo moja kila mwezi: PS3 iliingiza zaidi kwa mechi, PS2 iliingiza zaidi kwa siku. Na LUKU ilikwisha upesi kuliko zamani. Umeme ukikatika, PS2 ilirudi mara moja na mteja wake akaendelea. Wa PS3 walikuwa watu wenye pa kwenda, waliondoka.

Siku zile za vurugu za kupinga bomba la gesi, Mei 2013, maduka yalifungwa na moshi ulionekana kila upande. Mjomba alikuja mbio kutoka nyumbani kuokoa mashine zake. Alikuwa na mikono miwili na muda wa safari moja tu, ndivyo alivyoamini. Alibeba PS2 mbili na boksi la CD. PS3 aliirudia baadaye, akaikuta salama, na tangu siku ile hakuna aliyemuuliza kwa nini alichagua hivyo.

Mwaka huo huo wa 2013, Januari, Sony ilikuwa imethibitisha kwamba PS2 haitengenezwi tena popote duniani. Na Novemba mwaka huo, mwezi ule ule PS4 ilipotoka, Konami, watengenezaji wa Winning, ikatoa Pro Evolution Soccer 2014 kwa PS2. Mashine ilikuwa imeshasitishwa na bado inaletewa Winning mpya. Nakala ilifika Chikongola kabla ya Krismasi, na mjomba aliandika jina lake kwa herufi kubwa kwenye kipande cha boksi, akakibandika mlangoni.

Nikisoma zile namba za mauzo, milioni 160 kwa milioni 87, huwa nakumbuka kwamba PS2 mbili za mjomba zimehesabiwa humo kama mbili. Zilichezewa na mtaa mzima kwa miaka kumi. Wangapi kati yetu tungehesabiwa kama wateja waliokuwa wanasubiri kuhama, kama mtu angekuja kutuuliza tunahitaji nini?

PS3 aliiuza 2016 kwa kijana wa Masasi, baada ya wale wateja wa mia tano kupungua mmoja mmoja. Kibanda kilifungwa baadaye, simu zikiwa zimewachukua watoto. PS2 moja ilikufa. Ya pili ilikwenda Newala kwa binamu yangu, ikiwa na lenzi ya tatu na tundu moja la pedi lililochoka, ambalo ni lazima uweke karatasi ili waya ukae. Idd iliyopita nilikwenda kuwasalimia. Mtoto wa binamu ana miaka kumi, amezaliwa kiwanda cha mwisho cha PS2 kikiwa kimeshafungwa. Alinipa shikamoo, akanipa pedi ile yenye karatasi, akachagua timu yake bila kuangalia kioo, na kabla ya chakula kuiva alikuwa ameshanifunga tatu kwa moja na kunitaka nimpishe anayefuata.